Kwa Mkono Wangu wa Kuume

Jana, saa nane usiku, ulinitoroka tena.
Nilikuwa nasikiliza mvua juu ya mabati ya Himbi,
sina hamu, sina wazo,
wewe ukaingia mfukoni peke yako
kama mtoto anayeijua njia ya kwa bibi yake.

Ulikuta ufunguo wa lango,
noti ya franka mia tano iliyolowa,
punje saba za karanga.
Ukatoka mtupu,
vidole viwili vimeachana kidogo
kukishika kisichokuwapo.
Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Watu husema mapafu.
Kule Ndosho daktari alinionyesha picha yake,
meusi kama mawe tunayojengea kuta,
nikatoka pale nikavuta mbili kwa woga.
Habari zako hakuna aliyeniuliza.

Mimi nakumbuka siku uliyojifunza.
Moto wa mlima ulikuwa umekata mji vipande viwili,
tumekaa ng'ambo ya mpaka juu ya mabunda yetu,
nina miaka kumi na tisa,
sijui mama yuko upande gani wa moto.
Mtu nisiyemjua akakupa sigara iliyokwisha kuwaka:
"Shika, kijana. Upate kitu cha kufanya."

Hakunipa raha, nilikohoa hadi machozi.
Alinipa kitu cha kufanya.

Mama alitokea siku ya tatu
na bidoni tupu na viatu vya mtu mwingine.
Nililia, nilimbeba.
Wewe hukuambiwa.
Mpaka leo unamngoja.

Baadaye nikapata kazi ya usentineli, ukapata shamba.
Sigara sita kwa usiku, ndiyo ilikuwa saa yangu:
ya kwanza bosi akizima taa,
ya nne mbwa wakinyamaza,
ya sita chukudu za kwanza zikishuka na kabichi.
Kwa Mama Kyakimwa kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani,
nawe ulikijua gizani kuliko unavyolijua shavu la mwanangu.

Ng'ambo ya barabara yuko Paluku, lango la kijani.
Miaka kumi na moja tunasalimiana kwa nukta nyekundu,
yake, yangu, yake.
Sasa yake inawaka peke yake na kuuliza.
Hilo ndilo lililokaribia kunishinda, si kifua:
kumwacha Paluku bila jibu.
Nikanunua tochi. Namulika mara mbili.
Usiku wa kwanza hakuelewa.

Sikiliza, nikufundishe tulichofundishwa utotoni.
Mazuku hayana rangi wala harufu,
hukaa bondeni, hayapandi.
Mbuzi aliyelala huko haamki;
usibishane nayo, usiyapepee,
panda juu tu.
Na hamu ni hivyo hivyo. Ikija nasimama,
napanda ngazi ya tangi la maji,
nakushikisha chuma cha baridi,
tunasubiri wote wawili.
Dakika nne. Siku mbaya, tisa.
Haijawahi kutukuta juu kule.

Siku ya kumi na mbili, matangani, ulipokea moja.
Nilikuona, nikakuacha.
Kesho yake sikuanza kuhesabu upya,
niliandika kumi na tatu
kwa makala, nyuma ya kibanda, mwandiko wako mbaya uleule.

Jumapili tutakwenda Katindo.
Macho ya mama yamefifia,
hutafuta mkono kwanza, uso baadaye,
tena huunusa, hajifichi.
Ukifika pale tulia.
Usiondoke haraka kama kawaida yako,
usijifanye una kitu mfukoni.
Ni yeye.
Alivuka salama, zamani.
Kaa.